Saa 48 za nini? Rekodi ya DNS ikigoma, uliza kwanza nani anayejibu

DNS ni mfumo unaogeuza majina ya vikoa, kama kampuni.com, kuwa anwani za kompyuta, na rekodi ni mstari mmoja wa taarifa ndani yake. Kuna jibu ambalo karibu kila aliyewahi kuongeza rekodi kwenye kikoa chake amewahi kupewa: "Subiri saa 24 mpaka 48, DNS bado inasambaa." Nimeona likipewa mtu aliyekosea herufi moja kwenye jina la rekodi. Nimeona likipewa mwingine aliyekuwa akihariri paneli (ukurasa wa kusimamia rekodi) ambayo kikoa chake kilishaacha kuitegemea. Nimeona likipewa mwenye biashara ambaye barua pepe za wateja wake zilikuwa zikirudi kwa waliozituma, naye akakaa siku mbili akiamini kwamba mambo yanajipanga yenyewe. Hakuna kilichokuwa kinajipanga. Muda haurekebishi rekodi iliyokosewa. Ukisubiri, utaikuta vilevile ulivyoiacha.

Naandika kwa kirefu kwa sababu naamini DNS ni sehemu ya intaneti ambayo mtu yeyote mwenye subira anaweza kuielewa. Haina uchawi. Kila seva inayohusika na kikoa chako iko tayari kukujibu, bure, ukiiuliza moja kwa moja. Tatizo ni kwamba watu wengi wamefundishwa kujaza fomu kwenye paneli, hawakufundishwa kuuliza.

Tuanze na hizo saa 48, maana zina asili yake. Ukiiuliza seva ya .com ni seva zipi za majina zinazoshughulikia kikoa fulani, jibu lake huja na muda wa kuhifadhiwa wa sekunde 172,800. Gawanya kwa 3,600 upate saa: 48. Kwa hiyo anayehamisha kikoa cha .com kutoka seva za majina za kampuni moja kwenda za nyingine ana haki ya kuambiwa kwamba baadhi ya watu wataendelea kupelekwa kwenye seva za zamani kwa muda unaoweza kufika siku mbili. Lakini huyo anahamisha seva za majina. Aliyeongeza rekodi moja ya TXT, ile ya maandishi, hahusiki na hesabu hiyo hata kidogo.

Na kusema kweli, DNS haisambazi kitu. Zamani kabla yake kulikuwa na kusambaza kweli: faili moja iliyoitwa HOSTS.TXT ilitunzwa katika taasisi ya SRI, Marekani, na kila kompyuta kwenye mtandao ilipaswa kuchukua nakala mpya ili ijue majina mapya. Mtandao ulipokua, utaratibu huo ukaelemewa, na mwaka 1983 Paul Mockapetris akaandika muundo wa DNS katika hati RFC 882 na 883. Mwaka 1987 zikafuatiwa na RFC 1034 na 1035, ambazo mpaka leo ndizo msingi wa mfumo mzima. Kilichobadilika ni mwelekeo: badala ya habari kusukumwa kwenda kwa kila mtu, anayeihitaji ndiye anayekwenda kuiuliza. Rekodi mpya ambayo hakuna aliyewahi kuiuliza huonekana duniani kote mara tu seva yako inapoanza kuitoa. Ikiwa haionekani, kuna sababu, na sababu hiyo inatafutika.

Safari ya swali ni fupi. Kompyuta au simu yako haizunguki yenyewe. Inauliza seva moja inayofanya kazi hiyo kwa niaba yako, ambayo mafundi huiita rizolva. Inaweza kuwa ya kampuni inayokupa intaneti, au ya umma kama 8.8.8.8 ya Google na 1.1.1.1 ya Cloudflare. Rizolva huanzia kwenye seva za mzizi, ambazo zina majina 13, kutoka a hadi m. Zile humwelekeza kwa wanaosimamia .com au kitu kinachofanana nacho. Hao humwambia seva za majina za kikoa chako ni zipi. Mwisho seva hizo hutoa jibu lenyewe. Rizolva hulihifadhi jibu kwa muda ulioandikwa kwenye rekodi, yaani TTL, na mwingine akiuliza swali lilelile hujibiwa kutoka kwenye akiba mpaka muda huo uishe.

Ukishaiona safari hiyo, swali la kwanza linakuja lenyewe, nalo si "rekodi yangu imekosewa wapi?" Ni hili: nani hasa anajibu kwa niaba ya kikoa changu?

Nitatumia jina kampuni.example, kwa kuwa .example imetengwa rasmi kwa mifano; wewe weka lako. Kwenye terminali ya Linux au Mac, andika:

dig NS kampuni.example +short

Kwenye Windows:

nslookup -type=ns kampuni.example

Yatatoka majina mawili au zaidi. Sasa fungua paneli unayohariri na uangalie ni seva zipi inazosema ni zake. Kama hazifanani, simama hapohapo. Unaweza kuongeza rekodi hata mia kwenye paneli hiyo, kila moja ikaandikwa kwa usahihi wote, na hakuna mtu duniani atakayeziona. Ni sawa na kupaka rangi nyumba uliyokwisha kuhama.

Kosa hili ni la kawaida kuliko yote niliyokutana nayo nikisaidia watu, na linaeleweka. Kikoa kinaweza kuwa kimesajiliwa kwa kampuni moja, tovuti inakaa kwa nyingine, na aliyeijenga aliweka huduma ya tatu katikati ili kuharakisha kurasa. Zote tatu zina ukurasa wenye kichwa kinachotaja DNS. Zote tatu zinakuruhusu kuongeza rekodi, kubofya kitufe cha kuhifadhi na kupata alama ya kijani. Alama hiyo inasema tu kwamba rekodi imeingia kwenye hifadhidata ya kampuni hiyo. Haisemi kama kuna anayekuja kuiuliza. Ningependa kila paneli ionyeshe onyo kubwa jekundu pale kikoa kinapokuwa kimeelekezwa kwingine. Baadhi hufanya hivyo. Nyingi hazifanyi, na kwa maoni yangu huko ni kuwakosea wateja, maana habari hiyo inapatikana kwa swali moja tu.

Ukitaka kuiona njia nzima kutoka mzizini, amri ni hii:

dig +trace kampuni.example

Hapo utaona kila hatua na nani alimwelekeza nani. Nusu ya mafumbo huishia hapa.

Swali la pili: ukishazijua seva halisi, je, zenyewe zinasema nini? Usiulize kompyuta yako, wala tovuti za kukagua kama DNS imesambaa zenye ramani ya dunia na alama za vema. Uliza chanzo:

dig TXT kampuni.example @ns1.mtoahuduma.example

Alama ya @ inaitaja seva unayotaka ikujibu, kwa hiyo akiba zote za katikati zinarukwa. Sasa mambo yamegawanyika pande mbili tu. Kama chanzo kinatoa jibu sahihi huku watu wengine wakiona la zamani, tatizo ni akiba, na hapo kusubiri kuna maana. Kama chanzo chenyewe kinatoa jibu baya au hakina jibu, rekodi ndiyo yenye kasoro, na kila dakika ya kusubiri inapotea bure.

Soma pia neno linalotokea karibu na "status" kwenye jibu la dig, maana lina habari nyingi. NXDOMAIN maana yake jina hilo halipo kabisa. Angalia tahajia, au angalia kama jina limejirudia, jambo nitakalolieleza. NOERROR isiyo na jibu lolote chini yake ni kitu kingine: jina lipo, ila halina rekodi ya aina uliyoulizia. Watu wengi huchanganya hayo mawili, ilhali la pili linakwambia kwamba jina uliliandika vizuri ukakosea aina. REFUSED mara nyingi humaanisha kwamba seva uliyoiuliza haikitambui kikoa hicho, au hairuhusu uiulize. Ikitoka kwenye seva iliyotajwa kuwa ya kikoa chako, basi zoni, yaani mkusanyiko wa rekodi za kikoa chako, haijafunguliwa kule. SERVFAIL ndiyo ya kuogopwa zaidi, na nitaiachia nafasi yake mwishoni.

Sasa tuje kwenye paneli inayokataa kabisa kuhifadhi.

Ugomvi mkubwa ni wa CNAME. Unataka kuelekeza www kwenye huduma fulani, unaongeza CNAME, na paneli inajibu kwamba rekodi yenye jina hilo ipo tayari. Wengi hudhani paneli ni mbovu. Hapana, inalinda kanuni iliyomo kwenye RFC 1034: jina lenye CNAME halipaswi kuwa na rekodi nyingine, ukiacha zile za DNSSEC, mfumo wa kutia saini rekodi. Sababu yake ni nzuri. CNAME haitoi anwani. Inasema kwamba jina hili ni lakabu ya jina lile, na chochote unachotaka kujua kiulize kule. Ukiweka CNAME na rekodi ya A, ile inayotoa anwani ya IP, pamoja, umesema mambo mawili yanayopingana. Suluhisho ni kutafuta rekodi ya A au AAAA (ya anwani ya IPv6) yenye jina lilelile, mara nyingi iliyowekwa na paneli yenyewe siku kikoa kilipofunguliwa, uifute kwanza, kisha uongeze CNAME.

Kwenye kikoa chenyewe, pasipo www wala kitu kingine mbele, hali ni ngumu zaidi. Pale lazima pawe na rekodi za SOA (taarifa za zoni yenyewe) na NS (seva zake za majina), bila hizo zoni haisimami. Kwa hiyo CNAME haina nafasi pale, hata ukifuta kila kitu unachokiona. Na ikitokea seva fulani ikakuruhusu kwa uzembe, barua pepe ndizo zitakazoumia: anayetaka kukutumia ataulizia MX yako, rekodi inayosema barua zako zipelekwe seva ipi, atakuta lakabu, ataifuata, na ataishia kuuliza MX za kampuni nyingine kabisa. Njia halali ni mbili. Tumia rekodi ya A yenye anwani ambayo huduma yako imekupa, au tumia rekodi ya ALIAS au ANAME kama mtoa DNS wako anayo. Hizo si rekodi za DNS za kawaida. Ni kazi anayoifanya mtoa huduma nyuma ya pazia, akatafuta anwani ya lengo na kuitoa kama A. Ni ufumbuzi mzuri, mradi ukumbuke kwamba ukihama kwa mtoa huduma mwingine hauhami nao.

Tatizo linalofuata kwa ukubwa ni sanduku la jina. Maelekezo ya huduma unayojiunga nayo yanasema: ongeza rekodi yenye jina mail.kampuni.example. Wewe unanakili jina zima na kulibandika. Paneli, kwa kuwa inajua uko kwenye kampuni.example, inaliongezea mkia yenyewe, na kinachohifadhiwa ni mail.kampuni.example.kampuni.example. Alama ya kijani inatokea, huduma inasema rekodi haijaonekana, na mtu anaambiwa asubiri. Kulithibitisha ni rahisi: uliza hilo jina refu. Likijibu, umelipata kosa. Kwenye paneli za namna hii unaandika mail peke yake, na kwa kikoa chenyewe unaandika @ au unaacha wazi, kutegemea paneli.

Upande wa thamani nako kuna mtego wa namna hiyo. Katika faili za zoni, jina lisiloishia na nukta huhesabiwa kuwa halijakamilika na huongezewa mkia. Ukiandika lengo la CNAME kama tovuti.mtoahuduma.example bila nukta ya mwisho, seva inaweza kulisoma kuwa tovuti.mtoahuduma.example.kampuni.example. Baadhi ya paneli hukuwekea nukta, nyingine hukuachia kazi hiyo, nyingine huikataa ukiiweka. Usibahatishe. Hifadhi, kisha uliza chanzo, uone kilichohifadhiwa hasa.

Kunakili na kubandika kuna madhara mengine yasiyoonekana kwa macho. Maandishi yaliyopita kwenye programu ya kuandikia nyaraka au ya kutumiana ujumbe mara nyingi hubadilishiwa alama za kunukuu zilizonyooka kuwa zile zilizopinda, na DNS haizitambui kama alama za kunukuu. Zinakuwa sehemu ya thamani. Nafasi tupu mwanzoni au mwishoni, au mstari uliokatika katikati ya ufunguo mrefu, hufanya vivyo hivyo. Na kuna wanaobandika https:// kwenye lengo la CNAME, au mkwaju na jina la ukurasa, au namba ya mlango baada ya anwani kwenye rekodi ya A. Rekodi hizo hazijui kurasa wala milango. Zinaunganisha jina na anwani, au jina na jina lingine, basi.

TXT ndefu nayo hugoma. Kila kipande cha maandishi ndani ya rekodi ya TXT hakipaswi kuzidi baiti 255, na ufunguo wa DKIM (wa kuthibitisha saini ya barua pepe) wa biti 2,048 ukiandikwa hufika karibu herufi 400. Paneli nzuri huukata yenyewe. Paneli nyingine hulalamika kwamba thamani ni ndefu mno, na mbaya zaidi ni ile inayokata mkia na kukaa kimya. Unachotakiwa kufanya ni kuugawa ufunguo vipande viwili ndani ya rekodi moja, kila kimoja ndani ya alama zake za kunukuu, vikifuatana. Anayesoma huviunganisha bila kuweka nafasi katikati. Usiugawe kwenye rekodi mbili; hilo ni jambo tofauti kabisa na halitafanya kazi.

Kuna paneli za zamani zinazokataa kistari cha chini kwenye jina, zikidai herufi hiyo hairuhusiwi. Si kweli kwa DNS. Katazo hilo linahusu majina ya kompyuta. Majina kama _dmarc na yale ya _domainkey yamewekewa kistari hicho makusudi ili yasigongane nayo. Paneli ikikugomea hapo, andikia msaada wao, na usipopata ufumbuzi hamishia DNS kwingine. Mipaka halisi ya jina ni herufi 63 kwa kila sehemu iliyo kati ya nukta na nukta, na 253 kwa jina zima.

Hayo yote angalau yanapiga kelele au yanaonekana ukiuliza. Kinachonisumbua zaidi ni makosa ya kimya: rekodi inaingia, inajibiwa, kila kitu kinaonekana kizuri, lakini kazi haifanyiki.

SPF, rekodi ya TXT inayotaja nani anaruhusiwa kutuma barua kwa jina la kikoa chako, inaongoza. Mtu ana rekodi ya SPF ya huduma yake ya barua pepe. Anajiunga na huduma ya kutuma majarida, anaambiwa aongeze rekodi ya SPF, naye anaongeza ya pili. Maelekezo ameyafuata neno kwa neno. Lakini kwa kanuni za RFC 7208 ya mwaka 2014, kikoa kinatakiwa kiwe na rekodi moja tu inayoanza na v=spf1; zikiwa mbili, ukaguzi mzima unahesabiwa kuwa na hitilafu ya kudumu, na hata zile barua zilizokuwa zikifika vizuri zinaanza kutiliwa shaka. Aliyeongeza huduma ya pili ameivunja ya kwanza bila kuigusa. Zinapaswa kuunganishwa:

v=spf1 include:spf.barua.example include:spf.jarida.example ~all

Na humo ndani kuna ukomo mwingine: maswali ya DNS yanayotokana na rekodi hiyo, pamoja na yale yaliyomo ndani ya kila include, hayaruhusiwi kuzidi 10. Sehemu za ip4 na ip6 hazihesabiwi. Kampuni inayotumia huduma nyingi za barua hufika hapo haraka kuliko inavyodhani, kwa sababu include moja inaweza kuwa na nyingine tatu tumboni mwake. Huduma zinazotoa maelekezo zingepaswa kuandika wazi: kama unayo SPF tayari, usiongeze nyingine, ihariri iliyopo. Sentensi moja tu, nayo ingeokoa barua za watu wengi.

MX ina kanuni zake mbili zinazosahaulika: lengo lake ni jina, haliwi anwani ya IP, na jina hilo halipaswi kuwa CNAME. Pia ukihamia huduma mpya, futa MX za ile ya zamani. Ukiziacha, baadhi ya barua zitaendelea kwenda kwenye sanduku ambalo hakuna anayelifungua tena.

AAAA ni ndugu ya A anayesahauliwa. Unahamisha tovuti, unabadilisha A iwe 192.0.2.10, kwako inafunguka vizuri, lakini baadhi ya wateja wanaona ukurasa wa zamani. Ukaguzi wa kwanza uwe huu: je, kuna AAAA iliyobaki ikielekeza kule ulikotoka? Wenye IPv6 wanaifuata hiyo. Let's Encrypt, watoa vyeti vya usalama bure, nao wakikuta AAAA, huitumia kwanza kukagua kikoa, kwa hiyo cheti cha usalama kinaweza kugoma ingawa tovuti yako unaiona. Cheti kikigoma, tazama pia rekodi za CAA, zinazotaja nani anaruhusiwa kukitolea kikoa chako cheti. Tangu Septemba 2017 watoa vyeti wanalazimika kuzikagua, na CAA iliyowekwa kwenye kikoa kikuu inavifunga na vikoa vidogo vilivyo chini yake, isipokuwa kama navyo vina CAA zao.

Halafu kuna rekodi ya nyota, ile ya *.kampuni.example inayojibu kwa kila jina lisilowekwa. Wengi huichukulia kama wavu wa chini unaodaka kila kitu. Sivyo inavyofanya kazi. Tuseme duka.kampuni.example linafunguka kwa sababu ya nyota. Siku moja unaongeza rekodi ya TXT kwenye duka ili kuthibitisha umiliki. Kuanzia hapo jina "duka" lipo rasmi kwenye zoni, kwa hiyo nyota haliangalii tena, na kwa kuwa halina A yake, tovuti ya duka inatoweka. Hata kuongeza _acme-challenge.duka, jina lililo chini yake, kunatosha kuleta matokeo hayo. Jibu utakalolipata ni ile NOERROR tupu niliyoitaja. Dawa ni kulipa duka rekodi yake ya A waziwazi. Tabia hii imeelezwa katika RFC 4592 na seva inayofanya hivyo haijakosea, lakini sijaona paneli inayomwonya mtu kabla hajabofya.

Tukirudi kwenye akiba, kusubiri kuna hesabu yake, na hesabu hiyo unaweza kuisoma. Uliza chanzo, uone TTL kamili, tuseme 3600. Kisha uliza rizolva:

dig A kampuni.example @8.8.8.8

Namba iliyo kando ya jina itakuwa ndogo zaidi na inapungua kila unapouliza, ingawa inaweza kurukaruka kidogo kwa kuwa nyuma ya anwani hiyo kuna seva nyingi. Ikisema 1140, jibu hilo la zamani limebakiza dakika 19. Huo ndio muda wa kumwambia mteja, na ni muda wa kweli. Google na Cloudflare wana kurasa ambapo mtu yeyote anaweza kuomba akiba ya jina fulani ifutwe kwenye rizolva zao. Kama unapanga kuhama, shusha TTL mapema, muda wa TTL ya zamani upite kabisa, ndipo ubadilishe rekodi. Kuishusha siku ileile ya kuhama hakusaidii, kwa sababu waliokwisha kuhifadhi jibu walilihifadhi na TTL ndefu.

Na jihadhari na kuulizia jina kabla hujaliweka. Rizolva huhifadhi hata jibu la "halipo". RFC 2308 ya mwaka 1998 imeeleza muda wake: ni ule mdogo kati ya TTL ya rekodi ya SOA na namba ya mwisho iliyomo ndani yake. Hati hiyo inasema saa 1 hadi 3 hufaa, lakini zipo zoni zilizowekewa siku nzima. Anayekagua kila dakika kabla hajamaliza kuweka rekodi anaifundisha rizolva yake kwamba jina halipo, na itashikilia hivyo. Hifadhi kwanza, uliza chanzo, kikijibu ndipo uulize kwingine. Kompyuta yako ikiendelea kung'ang'ania jibu la zamani wakati dig inaonyesha jipya, tazama faili la hosts; dig hailisomi, kivinjari kinalifuata.

Nimeiacha SERVFAIL mpaka hapa kwa sababu ni hali ambapo rekodi zako zote zinaweza kuwa sahihi na kikoa kikatoweka. Chanzo chake cha kawaida baada ya kuhama ni DNSSEC. Kikoa kilikuwa kimetiwa saini kwa mtoa DNS wa zamani, na kwa msajili, yaani kampuni uliyosajili kikoa kwake, kuna rekodi ya DS inayoitambua saini hiyo. Umehamia seva mpya, ambazo zina ufunguo mwingine au hazina kabisa. Rizolva zinazokagua saini, zikiwemo 8.8.8.8, 1.1.1.1 na 9.9.9.9, zinaona DS isiyolingana na chochote na zinakataa kutoa jibu. Zisizokagua zinajibu kama kawaida. Kwa hiyo tovuti inafunguka kwa mmoja na kugoma kwa mwingine, na ubishi unaanza. Kipimo ni amri hii:

dig A kampuni.example @1.1.1.1 +cd

Hiyo +cd inaiambia rizolva isikague saini. Ikijibu vizuri hapo na kutoa SERVFAIL bila hiyo, umeshika mwizi. Matoleo mapya ya dig huonyesha pia maelezo ya ziada ya hitilafu, kwa mujibu wa RFC 8914 ya mwaka 2020, na mara nyingine yatakuambia waziwazi kwamba ufunguo haupo.

Kuifuta DS kwa haraka hakumalizi mambo papo hapo, kwa sababu nayo ina TTL, na kwa .com ni siku nzima. Tarehe 30 Septemba 2021 kampuni ya Slack ilijaribu kuwasha DNSSEC kwenye slack.com, mambo yakaenda kombo, wakaiondoa DS. Rizolva zilizokwisha kuihifadhi ziliendelea kukataa majibu mpaka muda wake ulipoisha, na watumiaji wao walibaki nje. Walikuwa wataalamu, na bado mpangilio wa hatua uliwagharimu.

Mpangilio wenyewe ni huu. Ondoa DS kwa msajili huku seva za zamani zikiendelea kutoa saini. Acha TTL ya DS iishe, kwa .com, saa 24. Ndipo ubadilishe seva za majina, ukiwa umeshaziweka rekodi zote upande mpya na kuziulizia huko moja moja kwa kutumia @. Acha zoni ya zamani iwe hai kwa zile saa 48, kwa sababu hapa kweli kuna watakaoendelea kwenda kuiuliza. Ikishatulia, tia saini upya kwenye seva mpya, uhakikishe zinatoa DNSKEY (ufunguo wa saini), na DS mpya uipeleke kwa msajili mwisho kabisa.